Swichi Niliyoizika Ukutani

Mpendwa mshauri,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujasema nimechanganyikiwa, maana mimi si mtu wa kuogopa vivuli, ni fundi umeme wa mwaka wa kumi na tatu huu, mwanamke, nina cheti na ngazi yangu mwenyewe, nimepanda kwenye dari za watu nikakuta popo, nyoka, na siku moja hata mume wa jirani aliyekuwa amejificha, na sijawahi kushuka mbio, lakini sasa kuna nyumba moja ambayo jua likianza kuzama natafuta kisingizio cha kuondoka, na nyumba hiyo ni ya mama yangu, ndimo nilimozaliwa.

Nyumba ni ya zamani. Marehemu baba naye alikuwa fundi umeme, ndiye aliyenifundisha kazi, na aliifunga waya kwa mikono yake kabla sijazaliwa, zile waya za kale za mpira uliovikwa kitambaa, chumba kimoja taa moja, soketi mbili nyumba nzima, na katikati korido ndefu yenye balbu moja inayoonekana kutoka jikoni na kutoka barabarani pia, kwa sababu juu ya mlango wa mbele kuna kioo kidogo, kwa hiyo ukiwa dukani ng'ambo unajua kama koridoni kunawaka au hakuwaki. Balbu hiyo aliifungia swichi mbili, moja jikoni, nyingine chumbani kwake. Kwa asiyejua, swichi za namna hiyo hazina juu wala chini, yeyote akibonyeza upande wowote taa inabadilika, kama inawaka inazimika, kama imezimika inawaka.

Baba alikuwa na sheria moja kazini. Kabla hujazima kitu ambacho mwenzako anaweza kuwa anakitegemea, unapaza sauti, "Nazima!" halafu unasubiri mpaka mwenzako ajibu, "Zima!" Usipojibiwa huzimi, hata kama umesimama mpaka magoti yanauma. Nilipokuwa mwanafunzi wake niliwahi kuzima bila kusubiri jibu, akanirudisha nyumbani siku mbili na akagoma kunisemesha mezani, mama akawa ndiye wa kupitisha ujumbe, mwambie baba chumvi, mwambie fundi wako chumvi hiyo hapo.

Baba alifariki miaka minne iliyopita, na hilo nitalirudia, usinikimbize. Baada ya mazishi nilipanga chumba karibu na kazini, nikawa namtembelea mama mchana, nakunywa chai, naondoka saa kumi. Mama hakuwahi kulalamika. Mwaka huu soketi ya sebuleni ilitoa cheche ikaunguza pazia, nikasema sasa basi, nyumba yote naifunga waya upya na kuongeza taa, nikaja na mwenzangu wa kazi, jamaa mrefu tunayemwita Ngazi, tukaanza.

Jioni ya kwanza tulikuwa sebuleni, Ngazi anakunja waya, mama anashona kifungo cha gauni, jua ndiyo kwanza limezama. Taa ya koridoni ikawaka. Hakuna aliyeinuka, hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Mama akachoma sindano kwenye kitambaa, akasema, "Haya, nakuja," akasimama.

Nikamuuliza, "Mama, unakwenda wapi?"

"Kwani huoni naitwa?" akanijibu, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeitwa na jirani.

Akaingia chumbani kwa baba. Nikasikia kiti cha kando ya kitanda kikilia alipokaa. Taa ikazimika.

Mshauri, nilikwenda jikoni kutazama. Swichi ya jikoni mama aliibandika tepu nyeusi tangu siku iliyofuata mazishi, anadai inapiga shoti, nami nimeipima mara mbili, haina shoti yoyote, lakini tepu ni ileile na haijaguswa. Na swichi ya chumbani haionekani, iko ndani ya ukuta chini ya plasta, na hilo nalijua vizuri kwa sababu aliyeipiga plasta ni mimi. Wiki mbili baada ya mazishi, mama akiwa ametoka, nilichanganya saruji kwenye ndoo nikaifunika, tena haikukatwa umeme, hata kifuniko sikukifungua, mikono ilikataa kabisa, nikamwambia mama ukuta ulikuwa na unyevu. Fundi mzima nikazika swichi yenye umeme. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza hapohapo.

Tangu jioni ile nimeona ikiwaka kila siku, wakati mwingine mara moja, wakati mwingine mara nne, na kila mama akienda akakaa kwenye kile kiti, inazimika. Wiki ya pili mama alilazwa hospitali siku mbili kwa ajili ya presha, na mimi nikabaki kulinda vifaa. Ikawaka. Sikwenda. Ikakesha inawaka, ikashinda inawaka, ikakesha tena, mpaka mwenye duka ng'ambo akaniuliza, "Fundi, mbona koridoni kwenu kunawaka tangu juzi, mama karudi?" nikamwambia najaribu balbu. Mama aliporudi hata viatu hakuvua, alipita moja kwa moja chumbani, nikamsikia akisema, "Samahani, walinichelewesha." Ikazimika.

Najua utaniuliza kwa nini nisitoe balbu. Niliitoa. Mchana kweupe niliifungua nikaiweka mfukoni, nikajiona mjanja. Jioni, tukiwa koridoni mimi na Ngazi, tukaanza kusikia ukutani, chini ya plasta yangu, *ka*. Kimya. *Ka*. Ni sauti ya swichi, naijua kama ninavyojua sauti ya mama yangu, *ka*, *ka*, *ka*, haraka haraka, kama mtu anayebonyeza na haoni matokeo. Ngazi akaniangalia, akasema, "Fundi, mimi nafanya kazi na umeme. Hiki si umeme," akaondoka, ngazi yake akaiacha, jambo ambalo kwake si dogo. Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akaniambia, "Irudishe. Unamsumbua." Nikairudisha, na ilipoingia tu ikawaka usoni kwangu.

Tatizo langu ni hili. Waya zote za zamani zinapita darini juu ya korido ile. Nimezishika, mpira unapukutika kama biskuti, na mbao zilizo karibu zimeanza kuwa nyeusi. Nyumba ile itaungua, mshauri, labda mwezi ujao, labda leo, na mama analala ndani. Lakini mama kaniambia, "Sebuleni funga, jikoni funga, chooni nifungie hata taa tatu nikajione malkia. Korido na chumba cha baba yako uache kama vilivyo."

"Mama, patashika moto."

"Ukikata ule waya ataniita kwa kutumia nini?"

Nikaokota testa yangu ya kupimia umeme, nikatoka nje. Na sasa niseme lile nililolizunguka tangu mwanzo, maana najua nisiposema hutaweza kunisaidia. Baba alipata kiharusi, upande mmoja ukafa na sauti ikaondoka, mkono wa kushoto tu ndio uliobaki. Mimi ndiye niliyeishusha swichi ya chumbani mpaka usawa wa godoro lake ili awe anatuita kwa taa, na nilijivunia sana, kila mgeni nilimwonyesha. Akiwasha tunakwenda. Tulimhudumia hivyo miezi saba. Siku ile nilikuwa nimeshinda kwenye dari ya bati tangu asubuhi, mama alikuwa amekwenda kuchukua dawa, na mimi niko jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kikombe cha chai mkononi. Ikawaka, nikaenda nikamgeuza. Ikawaka, nikaenda nikampa maji, hakuyataka. Ikawaka tena, nikaenda, hakutaka chochote, alinitazama tu akanishika mkono wa shati, nikajinasua, nikamwambia, "Baba, nimechoka." Mara ya nne sikwenda. Nilinyoosha mkono nikazima palepale jikoni, bila kupaza sauti, bila kusubiri jibu la mtu. Ikawaka. Nikazima. Ikawaka. Nikazima. Tulishindana hivyo mara tano, halafu haikuwaka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikamaliza chai yangu. Mama aliporudi alipita mbio hata bila salamu, dawa mkononi, akaingia chumbani, na mimi nikabaki nimekaa na miguu kwenye maji yaliyopoa, mpaka nikasikia kile kiti kikilia alipokaa; baba alikuwa ameshaondoka, kiharusi cha pili, walisema.

Sijawahi kumwambia mtu. Chumba kile sijaingia tangu siku ile niliyopiga plasta. Je, nikate ule waya kwa nguvu mama akiwa hayupo, au niuache tuungue? Na mama nimwambie, au ninyamaze aendelee kumpenda mtoto asiyemjua?

Mimi fundi ninayeogopa korido.

---

Fundi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimewasha taa zote za ofisi saa nne asubuhi, kwa hiyo usidhani nakuandikia nikicheka. Ila umezunguka nyumba nzima na testa yako kabla hujafika chumbani kwa baba yako, na sasa mimi sitazunguka.

Kwanza nikugombeze, nimalize. Kuzika swichi yenye umeme ndani ya saruji mbichi, karibu na kitanda, kwenye nyumba ya mwanamke mzee anayeishi peke yake, ni aibu, na cheti chako kinajua hivyo. Miaka minne umeinywa chai ya mama yako ukaondoka saa kumi, ukamwachia ajibu mwito ambao ulikuwa wako. Huo si uoga wa korido. Ungekuwa uoga wa korido ungemchukua mama yako ukaondoka naye.

Pili, pole. Nasema kwa moyo. Kumuuguza mtu miezi saba huku unapanda dari za watu si mchezo, na anayesema hajawahi kutamani mgonjwa anyamaze kidogo tu amalize chai yake, huyo hajauguza. Hukumuua baba yako kwa kidole. Kiharusi cha pili hakisubiri mtu afike mlangoni, na hata ungekaa kwenye kile kiti jioni nzima huenda angeondoka vilevile. Lakini angeondoka ukiwepo. Hapo ndipo panapokuuma, na panastahili kukuuma, sitapapaka rangi.

Nilimuuliza fundi anayetutengenezea mitambo hapa kazini. Akaniambia kwa kujiamini kwamba saruji ilipoingia kwenye swichi iliacha unyevu, na chuma kikipata joto la mchana na baridi ya jioni kinajinyoosha na kujikunja, kinagusa na kuachia, ndiyo hiyo *ka* yako. Nikamshukuru. Nikamuuliza, na kwa nini inazimika mtu akikaa kwenye kiti? Akaanza kutafuta bisibisi yake, ambayo ilikuwa mfukoni mwake. Mimi pia sijui, na sitajifanya najua. Kuna vitu unavijibu kwanza, maelezo baadaye.

Sasa unaniuliza kama umwambie mama yako. Fundi, hebu soma barua yako mwenyewe. Umeniandikia kwamba balbu ile inaonekana barabarani kwa kile kioo cha juu ya mlango. Umeniandikia kwamba siku ile mama yako alikuwa anarudi kutoka kuchukua dawa, na kwamba aliingia mbio bila salamu. Mtu anayerudi na dawa kwa utaratibu wake husalimia. Alikimbia kwa sababu alikuwa ameona. Alikuwa njiani, anatazama mlango wake mwenyewe, taa inawaka, inazimwa, inawaka, inazimwa, na mke wa fundi umeme hahitaji kuelezwa kwamba mkono mmoja uko kitandani na mwingine uko jikoni. Halafu siku iliyofuata mazishi akabandika tepu kwenye swichi ambayo wewe, mwenye vipimo, unasema haina kasoro. Unadhani alikuwa anazuia shoti?

Anajua. Amejua miaka minne, na kila ulipokuja alikuchemshia chai. Mtoto anayempenda ni wewe huyohuyo, mwenye kidole hichohicho. Alichokuwa anasubiri ni uingie mwenyewe.

Kwa hiyo utafanya hivi, na usinibadilishie mpangilio.

Waya utakatwa. Hilo halina mjadala, mbao zimeshakuwa nyeusi na mizimu haizimi moto. Mtafute Ngazi, mrudishie ngazi yake, mwambie mna siku mbili na mtafanya kazi mchana. Mpaka mmalize, mama yako asilale humo. Lakini usikate akiwa ametoka. Umeshafanya jambo moja kwenye ukuta ule akiwa ametoka, linatosha.

Kabla ya korido, anza na chumba cha mama yako. Mfungie swichi ukutani, usawa wa godoro lake, na balbu yake uiweke mahali utakapoiona ukiwa jikoni. Presha imeshamlaza siku mbili, naye mkono wake utaitafuta swichi siku moja. Rudi kuishi pale. Taa yake ikiwaka uende, hata kama hataki maji, hata kama anataka tu kukutazama. Akikushika mkono wa shati, mwache aushike. Ukimwonyesha swichi hiyo ndipo utakapokuwa umemjibu swali lake la ataitwa kwa kutumia nini, maana sasa wa kuita atakuwa yeye, na wa kuitwa wewe.

Halafu usubiri jioni. Ile ya koridoni ikiwaka, mama yako akichoma sindano kwenye kitambaa ili ainuke, mwambie, "Kaa, mama. Leo nakwenda mimi." Ingia. Kaa kwenye kile kiti. Sema yote uliyoniandikia mimi, kwa sauti, mlango ukiwa wazi ili mama yako asikie, na ukifika kwenye chai usiruke. Kama taa itazimika ukiwa umekaa au itaendelea kuwaka, usihesabu, usipime.

Asubuhi, kabla ya kugusa swichi kuu, simama katikati ya korido, mama yako awe karibu yako na Ngazi awe darini, ufanye kama ulivyofundishwa. Paza sauti, "Baba, nazima!" Kisha subiri. Huenda mama yako ndiye atakayekujibu, na moyoni naomba awe yeye. Huenda kabla hajakujibu ukasikia *ka* moja ukutani. Usikimbie, na Ngazi naye mwambie asikimbie. Kama kuna chai mezani iache ipoe, simama hapohapo mpaka magoti yaume, na usiguse kitu mpaka usikie umeambiwa, "Zima."